Fundi Sanji na Mistari Kumi na Minane

Mume wangu Sanji haogopi kitu. Nimemwona kwa macho yangu akitembea juu ya paa la hekalu, mvua ndiyo kwanza imekatika, vigae vinateleza, na yeye ana sigara mdomoni anabishana na mtu aliye chini. Nyoka anamshika kwa mkono mtupu. Mama yangu mzazi, ambaye hata posta walikuwa wanaacha barua langoni na kukimbia, Sanji alimzoea siku ile ile ya kwanza. Lakini muweke mbele ya karatasi nyeupe na brashi ya wino, uone. Jasho linamtoka, ghafla anakumbuka kuna paa la mtu linavuja, ukigeuka hayupo.

Kwa hiyo nilitaka ardhi inimeze siku ya harusi ya binti yetu Chizuru, pale Sanji alipoinuka na kikombe cha pombe ya mchele, uso mwekundu, akatangaza mbele ya watu themanini: "Mjukuu wa kwanza, jina lake nitaliandika mimi! Kwa mkono wangu huu!"

Watu wakapiga makofi. Nikamfinya mguu, akadhani nampongeza. Na baba wa bwana harusi, Mzee Kuroiwa, akainamisha kichwa taratibu. Huyo bwana ni mwalimu wa kuandika kwa brashi, miaka arobaini hana kazi nyingine, nusu ya mabango ya maduka ya mji wa Takasaki ni mkono wake. Mtoto angekuwa wa ukoo wake, na jina la mtoto lilikuwa haki yake kuliandika. "Itakuwa heshima kwetu, mkwe," akasema. Mzee Kuroiwa ana adabu sana, na hasahau kitu.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa pili, Chizuru akaja kujifungulia kwetu Fujioka, kama mabinti wote wanavyorudi kwa mama zao. Mkoa wetu unasifika kwa upepo mkavu wa baridi na kwa wake wenye midomo. Upepo mwaka huo ulikuwa wa kung'oa masikio. Kuhusu mdomo, mtaamua wenyewe.

Simu ikalia asubuhi kutoka hospitali.

"Mama, ni msichana. Kilo tatu kamili."

"Haya mwanangu! Mzima? Na wewe mzima? Jina mmepata?"

"Mayu."

Nikatoa machozi hapo hapo. Mayu ni kile kifukofuko cha hariri, kile anachojisokotea kiwavi. Mama mkwe wangu, mama yake Sanji, alifuga viwavi wa hariri juu ya dari ya nyumba hii hii, na Sanji alilala chini yao tangu akiwa mchanga. Chizuru amekua akizisikia hadithi hizo mpaka akazichoka, nami nilidhani amezisahau.

"Zuri mno," nikasema, nikajifuta. "Litaandikwa kwa zile herufi nyepesi za watoto, sivyo? Mistari mitano tu, baba yako ataiweza."

"Hapana, Mama. Kwa kanji. Ile yenyewe."

Nikakaa chini. Kanji ni zile herufi nzito za Kijapani, moja ni neno zima, na kila mstari una mahali pake. Nikaiandika kwa kidole kwenye paja langu, nikihesabu. Mistari kumi na minane. Sasa, mume wangu anaitwa Kawada Sanji: mto, shamba la mpunga, tatu, mbili. Baba mkwe alikuwa na huruma. Herufi zote nne za jina lake ukizijumlisha ni mistari kumi na mitatu, na hiyo ya mto bado humpindia.

"Chizuru, unataka kumuua baba yako?"

"Alisema mwenyewe, Mama. Mbele ya watu. Halafu langu hakuliandika."

Hilo nitalieleza, lakini si sasa. Kwanza nimseme yeye.

Siku ya saba ndiyo siku yenyewe. Jina linaandikwa kwa brashi kwenye karatasi safi, linawekwa ukutani, wakwe wanakuja, watu wanakula wali mwekundu na samaki changu mzima. Siku ya pili jioni Mzee Kuroiwa akapiga simu: "Mkwe wangu, najua fundi ana kazi nyingi. Akibanwa, mimi naweza kuja na brashi zangu. Asijisumbue hata kidogo." Sanji aliposikia akavimba. "Mwambie nimeshaanza!"

Alikuwa hajaanza. Asubuhi yake nikamkalisha mezani, nikageuza kalenda ya mwaka jana, nikaiandika herufi kubwa kama sinia.

"Tazama. Hii juu, majani."

"Majani?"

"Majani ya mforsadi. Halafu hapa kama nyumba: ukuta, dari, ukuta. Katikati nguzo. Chumba cha kushoto uzi, chumba cha kulia mdudu. Mdudu anakula majani, anatoa uzi. Kifukofuko! Hata paka angeelewa."

Sanji akakunja uso. "Masue, mimi ni fundi wa vigae. Miaka hamsini naondoa mapaa ya nyasi ya watu. Leo mjukuu wangu nimwezekee majani?"

"Andika!"

"Na sakafu iko wapi? Nyumba gani hii haina sakafu?"

"Andika, baba Chizuru, kabla sijakupiga na hiyo kalenda!"

Akaandika. Jamani. Nyumba ilikuwa ndogo, mdudu mkubwa, ikabidi ukuta wa kulia utoke nje kumpisha. Uzi haukupata chumba kabisa, ukaning'inia barazani. Naye alipoona ukuta umepinda, akachovya brashi ili aunenepeshe.

"Wee! Usirudie!" Nikamshika mkono. Mstari wa brashi ukishawekwa hauguswi tena, hilo mtoto wa darasa la tatu anajua.

"Umepinda. Niuache umepinda?"

"Hati haipigwi plasta!"

Ya pili, ya tatu, ya kumi. Kalenda ikaisha mpaka Desemba. Kwenye ya mwisho alijitahidi, ulimi nje, na alipomaliza akanitazama akisubiri. Nami nikamtazama yule mdudu, nikasema, "Huyo ni kaa aliyekanyagwa na lori." Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Sanji akalaza brashi, polepole, akatoka. Nilipouona mgongo wake mlangoni kicheko kikanikauka, maana mgongo ule niliwahi kuuona.

Basi niseme sasa. Miaka thelathini na moja iliyopita, siku ya saba ya Chizuru. Jina nilichagua mimi, nilikuwa msichana wa kujivuna, nikataka herufi nzito: elfu, na korongo. Korongo peke yake ana mistari ishirini na mmoja. Sanji alijifungia ghalani tangu alfajiri, akatoka amebeba karatasi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli limejaa mchuzi. Nami nikatazama, nikamwambia, "Ni korongo huyu, au kuku aliyegongwa na baiskeli?" Nikacheka vile vile. Yeye pia akacheka. Halafu akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akapanda juu ya paa, hakushuka mpaka wageni walipoondoka. Jina nililiandika mimi, mkono wangu ni mzuri, kila mtu alilisifu.

Chizuru alipokuwa na miaka kumi akaiona ile karatasi yangu kabatini. "Huu ni mwandiko wako, Mama. Baba alikuwa wapi?" Nikamwambia, "Kazini." Na Sanji, aliyekuwa anakunywa chai hapo hapo, hakuinua hata macho. Mtoto wangu amekua akijua kwamba siku ya jina lake baba yake alikwenda kazini, na mimi nimemwacha ajue hivyo. Nimeona aibu kuisema kwa miaka yote hiyo, na hata sasa ninaisema haraka haraka.

Siku ya nne, jirani yangu Bi Ogino akaja mbio bila hata kuvua aproni. Bi Ogino haji mbio kama hana habari.

"Mama Chizuru! Mumeo yuko juu ya paa la ghala anapaka vigae maji!"

"Anaosha."

"Anaosha kigae kimoja kimoja kwa brashi? Halafu anakitukana?"

Nikachukua ngazi. Mimi na umri wangu huu, magoti haya, upepo ule. Nikapanda mpaka macho yakavuka ukingo wa paa. Sanji alinipa mgongo, amechutama, ndoo ya maji kando, mkononi ile brashi pana ya kupakia gundi. Na kila kigae alikiandika. Majani, kuta, nguzo, uzi, mdudu, anahamia kigae cha pili. Upepo mkavu ulikuwa unamfuata nyuma unafuta, akifika mwisho wa safu, mwanzo pameshakauka, anarudi kuanza upya. Kumbe alikuwa amepata daftari lisiloisha na lisilomcheka.

Alikuwa anajisemea. Nikadhani anatukana, kumbe siyo.

"Kuleni," alikuwa anasema. "Haya, kuleni, kuleni." Ndivyo mama yake alivyokuwa akiwaambia viwavi akiwamwagia majani usiku na mchana, na nyumba nzima ikasikika kama mvua kwa jinsi walivyotafuna. Alipofika kwenye mdudu akapunguza mkono, akamweka ndani ya chumba chake kama vile mama mkwe alivyokuwa akiwashika, kwa vidole viwili, asije akamminya. Na mdudu, nawaambia, aliingia. Mguu mmoja umepinda, lakini alikuwa ndani ya nyumba.

Maneno yalinijaa mdomoni. Nikayameza, nikashuka ngazi kimya. Katika ndoa yangu hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

"Amepatwa na nini?" Bi Ogino akaniuliza, macho yamemtoka.

"Anaosha vigae. Vya kwako vimeoshwa lini?"

Akaenda zake.

Siku ya sita Chizuru akatoka hospitali na mtoto. Sanji akamtazama mjukuu wake, akanusa kichwa chake, akasema "Mdogo," basi. Chizuru akamuuliza, "Baba, kesho vipi?"

"Tayari."

"Kweli?"

"Nimesema tayari."

Chizuru akanifuata jikoni, akaninong'oneza: "Mama, mimi sitaki lililo zuri. Mzee Kuroiwa anaweza kuniandikia zuri siku yoyote. Nataka tu asikimbie." Alisema hivyo na macho yamejaa maji, mwanamke mzima mwenye mtoto begani. Nami hata hapo sikumwambia ukweli. Nilimwambia achuje mchele.

Na tena nikafanya kosa jingine. Asubuhi ya siku ya saba, Sanji bado anakoroma, nilichukua karatasi yangu, nikasaga wino, nikaiandika ile herufi. Ilitoka safi, nyororo. Nikaikausha, nikaificha chini ya mto wangu wa kukalia. Kwa tahadhari tu, nilijiambia. Yakimharibikia nitaitoa, mambo yataisha, samaki hatapoa.

Saa tano wakaja wakwe, Mzee Kuroiwa na mwanawe Naoya, mume wa Chizuru. Mzee Kuroiwa alikuwa na sanduku refu la mbao chini ya kwapa.

"Hizi brashi nimezibeba kwa mazoea tu," akasema. "Msizijali."

Sanji akatandika kitambaa sebuleni, akapiga magoti. Karatasi zilikuwa tatu. Sote tukakaa, mtoto amelala mapajani kwa Chizuru. Nikakaa juu ya mto wangu na sikuthubutu hata kupumua.

Sanji akachovya brashi. Nilipoona alivyoichovya, moyo ukaniruka. Siku tatu alikuwa anaandikia maji kwenye kigae, anazamisha brashi mpaka shingoni. Kigae kinakunywa taratibu. Karatasi haina subira hiyo. Akaweka majani, yakafura yakawa kichaka. Akaweka kuta, zikavimba zikakutana. Alipofika kwenye mdudu, mdudu alizama, kukawa na dimbwi jeusi tu.

"Bado mbili," akasema Sanji.

Ya pili akaipunguzia wino mno, uzi ukakatika njiani. Ya tatu aliibonyeza mpaka ikachanika. Naoya alikuwa anamtazama samaki. Mzee Kuroiwa akakohoa kwa adabu, mkono ukatambaa kuelekea lile sanduku.

Hapo Chizuru akasema, bila kuniangalia: "Mama, inuka."

"Niinuke kwa nini?"

"Una wino kwenye kidole."

Nikatazama kidole. Kweli. Nikainuka, nifanye nini. Akanyoosha mkono chini ya mto, akaitoa karatasi yangu, akaikunjua mbele ya watu. Ilikuwa nzuri mno, nilitamani ingekuwa mbaya.

"Tena, Mama?" akasema. "Na leo tena umemwandikia?"

Sanji akaitazama ile karatasi. "Nzuri," akasema. Akasimama, akatoka.

Tukasikia mlango wa nje. Uso wa Chizuru ulikunjamana kama wa mtoto wa miaka kumi, na mimi nikashindwa kuvumilia.

"Hakwenda kazini!" nikasema, sauti kubwa hata mtoto akashtuka. "Siku ile ya jina lako. Aliliandika. Aliandika tangu alfajiri, na mimi nikamcheka. Nilimwambia amechora kuku. Ndiyo maana alipanda juu ya paa. Ni mimi, Chizuru. Si yeye."

Mzee Kuroiwa alikuwa anatazama mkeka. Mtoto akaanza kulia, na mimi vile vile.

Halafu mlango ukafunguliwa tena. Sanji akaingia na kigae chini ya kila kwapa, soksi zimejaa vumbi la ghalani. Akanitazama ninavyolia, akatazama mtoto anavyolia, akauliza, "Samaki ameungua?"

Akaweka kigae kimoja juu ya kitambaa.

"Viwili vya nini, Baba?" akauliza Naoya.

"Fundi habebi kimoja. Kikivunjika je?"

Akazamisha brashi mpaka shingoni. Majani. Ukuta, dari, ukuta. Nguzo. Sasa wino ulikaa pale alipouweka, na kigae kikaunywa kwa wakati wake. Uzi. Alipofika kwenye mdudu midomo ikamcheza, nami peke yangu nilijua anasema nini. Akamwingiza ndani. Akainua brashi.

Mzee Kuroiwa akasogea, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kigae. Alikaa hivyo muda mrefu, nikaona jasho kwenye shingo ya Sanji.

"Mguu wa mdudu umepinda," akasema hatimaye.

"Najua."

"Usiuguse."

"Naambiwa haipigwi plasta."

"Haipigwi." Mzee Kuroiwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nimeiandika herufi hii mara nyingi, mkwe. Sijawahi kumwona kiwavi. Mimi ni mtu wa mjini." Akalisukuma sanduku lake nyuma ya mgongo, halikuonekana tena siku hiyo.

Kigae hakitundikiki, kwa hiyo tukakisimamisha kwenye shubaka la sebuleni, kikaegemea ukuta, na karatasi yangu nikaipeleka jikoni nikafungia vichwa vya samaki. Nikamimina pombe. Sanji alikuwa ameshanyoosha kikombe pale Chizuru alipokisogeza kigae cha pili mbele yake.

"Hiki hakikuvunjika," akasema. "Andika na langu."

Sanji akakitazama kigae kana kwamba kinauma. "Mistari ishirini na minne, Chizuru. Nimefanya mazoezi ya mdudu. Ya ndege sijafanya."

"Andika, Baba."

Elfu aliiweza, mistari mitatu. Korongo ndiye aliyemtoa jasho. Mabawa yalikwenda kila moja na safari yake, kichwa kikakaa mahali pa mkia, na miguu, sijui alihesabu vipi, ilizidi. Alipomaliza hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

Nikauma mdomo. Nikatazama dari. Nikajifinya paja mpaka kesho yake palikuwa na alama. Sikucheka.

"Ni kuku," akasema Sanji mwenyewe.

"Aliyegongwa na baiskeli," nikasema, ikanitoka tu. Na yeye ndiye aliyeanza kucheka, halafu Chizuru akacheka huku machozi yanamwagika, halafu Naoya, na mwisho Mzee Kuroiwa, ambaye sikujua kama ana meno, akaangua kicheko mpaka akaomba maji.

Chizuru alikaa kwetu mwezi mzima. Siku ya kurudi Takasaki Naoya alikuja na gari, mizigo ilikuwa mingi, nepi, blanketi, na vile vigae viwili. Cha mtoto akakifunga vizuri akampa Naoya akipakie. Kigae kimoja kina uzito wa karibu kilo tatu, kama Mayu alivyozaliwa. Kile cha kuku hakutaka kipakiwe. Alinipa mimi mtoto nimbebe mpaka kwenye gari, kigae akakibeba yeye, kwa mikono miwili, na njia nzima aliangalia anapokanyaga.